Kifaru wa Fremu Namba Kumi na Tisa

Barua ya choo ilikuwa chura. Hapo hapakuwa na ubishi. Mwaka 2006 Ofisi ya Jengo iliandika, kwa muhuri na kwa heshima zote, kwamba wapangaji wa Korido watajengewa choo ndani ya siku tisini. Humoud alipokuja kuikunja barua ile miaka mingi baadaye alimkunja chura, kwa sababu tangu siku hiyo mpaka leo mtu wa Korido akibanwa anaruka mitaro miwili kwenda kuomba choo kwenye hoteli ya jirani. Barua ya mwaka 2009 ya kupandisha kodi ilikuwa mamba. Barua iliyofuata wiki moja baadaye, ya kueleza kwamba kodi haikupandishwa bali imeboreshwa, ilikuwa mtoto wa mamba. Na ile ya kuwaita mkutanoni Mnazi Mmoja mwaka 2003, ambako wapangaji walisimama juani tangu saa nne na mwenyekiti hakutokea, ilikuwa mbuni: mwili mkubwa, kichwa kidogo, miguu ya kukimbilia.

Korido ni jina la utani la jengo moja la ghorofa mbili pale Mchafukoge. Chini kuna fremu ishirini na nne za maduka zinazotazamana kama meno ya juu na ya chini. Juu kuna Ofisi ya Jengo, iliyokaa kama jicho bovu. Humoud alikuwa fremu namba kumi na tisa, akiuza makufuli, bawaba na komeo tangu mwaka 1997. Watoto wake watatu walisomeshwa na makufuli. Fremu ikiondoka, kwake hakubaki kitu ila umri.

Msidhani alianza kukunja karatasi kwa hasira. Hasira alikuwa nayo tangu zamani, haikuhitaji kuanzishwa. Alianza kwa kuteguka mkono. Mwaka 2019 boksi la makufuli lilimponyoka, akalidaka vibaya, vidole vya kulia vikakakamaa kama vya sanamu, na hospitali wakamwambia avishughulishe. Mpwa wake Dalia, anayekaa Upanga, akamwonyesha kwenye simu Mjapani mmoja asiyesema neno hata moja, anakunja karatasi mpaka inakuwa ndege. Humoud aliangalia mara tisa. Akajaribu karatasi ya daftari, ikalegea. Akajaribu gazeti, likachanika. Ndipo akafungua droo ya barua za Ofisi, na humo akakuta karatasi nene, nyeupe, ngumu, inayoshika mkunjo kama suruali ya mwanajeshi. Ofisi ile ilibana choo, ikabana taa, ikabana maji. Kwenye karatasi haikuwahi kubana.

Alikuwa na barua mia moja hamsini na sita. Zote alikuwa amezishika kichwani, tarehe na kumbukumbu namba, kwa hiyo hakuona sababu ya kuzishika tena kwenye droo. Kila barua aliikata iwe mraba, maana wanyama wa Kijapani hawatoki kwenye karatasi ndefu. Kipande cha chini kilichobaki, chenye saini ya mkubwa, alikikunjakunja kikawa nyoka. Mraba aliugeuza na kuugeuza mpaka apate mahali ambapo muhuri wa zambarau utaangukia kwenye jicho. Akapiga mikunjo kwa mgongo wa kijiko. Baada ya miaka mitano rafu zote za juu ya makufuli zilikuwa zimejaa: wanyama mia moja hamsini na sita wanaomtazama mteja kwa jicho la Ofisi, na chini yao nyoka mia moja hamsini na sita, kila mmoja na saini tumboni.

Basi Jumatatu moja akaja kijana wa Ofisi aitwaye Shaibu, kishikwambi mkononi, kitambulisho shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo mmekuja kuboresha nini?"

"Uhakiki tu, mzee wangu. Nasajili kilichomo kwenye kila fremu." Akainua macho kwenye rafu, akasahau kuyashusha. "Na hawa?"

"Wanyama."

"Wangapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili, pamoja na nyoka."

Humoud alijua wanataniana. Shaibu hakujua. Alibonyeza, akasubiri, akakunja uso. "Mfumo unauliza, wazima au nyama?"

"Karatasi."

"Karatasi haipo, mzee. Kuna wazima na kuna nyama. Nikiweka nyama utatakiwa uwe na friji na leseni ya bucha."

Kutoka fremu namba ishirini ilipaa sauti ya Elisaria, Mchaga anayeuza mabeseni ya bati na masufuria kwa jumla, ambaye Korido nzima inamwita Mangi, kama inavyomwita Humoud Ami. "Dogo, weka wazima! Usimtie Ami wa watu gharama ya friji!"

"Aina?" Shaibu akaendelea. "Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, nguruwe, kuku, wengineo."

"Wengineo," akasema Humoud, akicheka.

Kishikwambi kikalia kama kifaranga. "Tayari. Umekubali."

"Haya, futa sasa. Tumeshacheka."

"Mzee, mfumo ukishakubali umekubali," alisema Shaibu, na uso wake haukuwa na hila yoyote. "Mimi ni nani?"

Siku ya pili tangazo likabandikwa kwenye nguzo. Kila mwenye fremu alete barua yake ya mwanzo ya kupewa fremu, nakala halisi, yenye saini, kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. Asiyeleta, mlango wake unafungwa Jumatatu na fremu anapewa mwingine. Watu wa Korido walilisoma wakiwa wameshika viuno. Mwingine huyo ni nani hakuna aliyeuliza, kwa sababu mwingine siku zote yupo, amevaa viatu vizuri, anasubiri ndani ya gari.

Humoud hakuhitaji kuitafuta barua yake. Ilikuwa kifaru, rafu ya kati, wa tatu kutoka kushoto. Alimkunja kifaru kwa kuwa barua ya namna ile ni adimu: "Ndugu Humoud, umepewa fremu namba 19 mpaka hapo utakapoamua mwenyewe kuondoka." Na msiseme alikuwa mpumbavu kuikunja. Mwaka 2014 Ofisi ileile ilitangaza kwa maandishi kwamba barua zote za zamani zimefutwa, hazina kazi, wapangaji wasubiri vyeti vipya ndani ya miezi sita. Alisubiri miezi sita. Akasubiri miaka sita. Barua iliyofutwa akaikunja, na barua iliyoifuta akaikunja pia, ikawa kinyonga.

Alhamisi baada ya adhuhuri alimbeba kifaru na nyoka wake mpaka nyumbani, mtaa wa nyuma. Mkewe Thuraya alimtazama anavyomfungua mkunjo mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayemvua marehemu pete.

"Baba Ammar, hiyo barua imekuwa kama uso wa bibi yangu."

"Lete pasi."

"Pasi?"

"Lete pasi, mwanamke, kabla sijabadili nia."

Thuraya alipiga pasi barua ile ya mwaka 1997, chini ya kitambaa cha kanzu, moto mdogo. Mikunjo ililala. Kipande cha saini alikipiga peke yake, akakiunga chini kwa gundi. Ukiitazama kwa mbali ilikuwa barua.

Ijumaa asubuhi akapanda nayo. Dirishani kwa Ofisi alikaa mama mmoja, Clotilda, mwenye kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kunyooshea watu. Aliishika barua kwa ncha za vidole.

"Hii imekatwa."

"Imeungwa."

"Kilichoungwa kilikatwa. Barua iliyokatwa si barua. Na hii mistari yote?"

"Ilikuwa kifaru," alisema Humoud, kwa kuwa hakuwahi kudanganya dirishani, hata ilipomfaa.

"Ilikuwa nini?"

"Nyinyi ndio mliozifuta! Barua yenu ya tarehe kumi na nne Machi, 2014, aya ya pili, 'barua zote za awali zimefutwa'."

Clotilda hata macho hakuinua. "Hiyo barua ya kufuta barua nayo imefutwa."

"Lini?"

"Imo kwenye faili."

"Basi lifungueni faili, mtanikuta na mimi humo!"

"Faili la Korido lililiwa na mchwa." Na kwa mkono wa kulia akagonga muhuri mwekundu katikati ya barua: IMEKATALIWA.

Nyuma ya Humoud alikuwa Elisaria, amejipanga na bahasha ya nailoni kifuani. Alikuwa na haki ya kujipanga hivyo. Barua yake ya kupewa fremu ilikuwa haijawahi kukunjwa, kuguswa na jasho wala kuonyeshwa jua. Ilikuwa nyeupe kama siku ilipozaliwa. Clotilda aliigeuza, akaiinua kwenye mwanga.

"Mbona safi hivi?"

"Niliitunza, mama."

"Barua ya mwaka tisini na saba haiwezi kuwa safi hivi. Hii imechapishwa juzi."

"Nimekwambia niliitunza!"

"Ndiyo maana yake. Watu hawatunzi." IMEKATALIWA.

Watu ishirini na wanne walipanda ngazi Ijumaa ile, na watu ishirini na wanne wakashuka na wekundu. Mmoja barua yake ilikuwa na doa la chai, mwingine haikuwa na doa lolote. Mmoja jina liliandikwa kwa herufi kubwa, mwingine kwa ndogo. Ukiwa umeshaamua kumnyima mtu, sababu zinakuja zenyewe kama nzi kwenye embe.

Jumatatu saa saba mchana askari wawili wa jengo walishuka na nyororo. Walianza na namba kumi na tisa, kwa sababu Clotilda alikuwa hajasahau sauti ya Ijumaa. Walikuja hata na kufuli, na kufuli lenyewe walilinunua kwa Humoud mwezi uliopita. Thuraya alikuwa amekaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunga mtandio kiunoni, hatoki. Shaibu alifuata na kishikwambi ili aufunge mlango kwenye mfumo kabla haujafungwa kwa nyororo, maana ndio utaratibu. Alibonyeza. Akabonyeza tena. Jasho likamtoka.

"Mama Clotilda, mfumo unakataa."

"Unakataaje?"

Shaibu alisoma kwa sauti, neno kwa neno. "'Fremu namba 19 ina mifugo hai mia tatu na kumi na mbili. Fremu yenye mifugo hai haifungwi mpaka daktari wa mifugo aihesabu na kuikagua.'"

Kisha Elisaria akapiga bati kwa mwiko.

"Mwiteni daktari!" alipiga kelele. "Wanyama wa watu mtawafungia ndani wafe? Mna roho gani nyie?"

"Ni makaratasi haya!" Clotilda alinyoosha kalamu.

"Mimi naona karatasi, mama," alisema Shaibu kwa upole. "Mfumo hauoni."

Daktari Angelina alifika saa nane na nusu, ameshuka kwenye bajaji na boksi la chanjo lenye barafu. Alikuwa ametolewa kwa kuku wagonjwa huko pembeni mwa mji, hana hamu na mtu. Alisimama mbele ya rafu. Macho ya zambarau yakamtazama. Naye akayatazama. Ni msomi, alijua karatasi akiiona. Lakini alijua pia Ofisi, na alikuwa amewahi kupanga kwenye jengo la namna ile.

"Nani aliyesajili?"

"Mimi, daktari," alisema Shaibu.

"Na nani aliyeidhinisha usajili?"

Vichwa vyote vikamgeukia Clotilda. Aliidhinisha fremu zote ishirini na nne kwa mkupuo mmoja, bila kusoma, kama anavyoidhinisha siku zote.

"Vizuri," alisema Angelina, akatoa fomu. "Wanakula nini?"

"Ahadi," alijibu Humoud.

"Wengineo, wanakula vinginevyo," alisema daktari akiandika. "Tuhesabu."

Walihesabu pamoja, rafu kwa rafu, daktari akinyoosha kidole, Shaibu akibonyeza. Walipofika mwisho, kishikwambi kilisema mia tatu na kumi.

Clotilda alifufuka. "Wawili hawapo! Mia tatu na kumi na mbili wamesajiliwa, mia tatu na kumi ndio hawa. Kuhamisha mifugo bila kibali ni kosa, na mwenye kosa anafungiwa leo hii hii. Daktari, ni kweli au si kweli?"

Angelina alisoma fomu yake nyuma na mbele. "Ni kweli," alisema, na ilionekana amechukia kuwa ni kweli. "Hesabu ni lazima itimie. Mfumo unafungwa saa tisa na nusu. Mzee, hao wawili wako wapi?"

Humoud alitoa mfukoni barua iliyopigwa pasi.

"Huyu ni kifaru," alisema. "Na huku chini ni nyoka. Niliwakunjua Alhamisi."

"Basi warudishe."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Alikaa chini kwenye boksi, akapindua beseni la bati la Elisaria magotini liwe meza. Kipande cha saini alikibandua, nyoka akawa tayari kwa dakika mbili; nyoka hata mtoto anamkunja. Kifaru ni kitu kingine. Kifaru ni mikunjo sabini na moja, na barua ile ilikuwa imekauka kwa pasi, mistari yake ya zamani imefifia, haijui tena ielekee wapi. Alipoibonyeza shingoni ilitoa mlio mdogo, krr, kama biskuti. Ikichanika ndiyo basi, hakuna kifaru, hakuna fremu.

"Maji," alisema. Mama muuza chai akampa kikombe. Alichovya kidole, akalowanisha mkunjo kidogo tu, karatasi ikalegea kama mtu aliyesikia jina lake.

Watu walizidi. Wapagazi wa Kariakoo walitua mizigo yao. Waliokuwa hawajui kinachoendelea ndio walioshauri zaidi.

"Mguu wa nyuma, mzee! Mguu wa nyuma!"

"Mwache, anajua."

"Oya, mbona kama kitimoto?"

"Astaghfirullah," alisema Humoud bila kuinua macho.

"Nguruwe ana fomu yake nyingine," alisema Daktari Angelina. "Msinichanganye."

Mkunjo wa arobaini vidole vyake vilianza kukakamaa, vilevile kama mwaka ule wa boksi. Alivikunjua kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja. Thuraya alimwinamia. Hakusema neno la kumtia moyo, maana anamjua, alimwambia, "Baba Ammar, tarehe kumi na nne Machi walisema nini?"

"Barua zote za awali zimefutwa," alisema Humoud, na akakunja bega.

"Na mwaka 2006?"

"Siku tisini, choo." Akakunja bega la pili.

"Na 2009?"

"Imeboreshwa." Hapo zikatoka mbavu.

Alimwuliza mwaka baada ya mwaka, naye alijibu mwaka baada ya mwaka, na kila jibu lilikuwa na mkunjo wake, mpaka watu wa Korido nao wakaanza kuitikia kwa sauti, kwa kuwa zile barua walizipata wote, ila wengine walijilazimisha kuzisahau ili walale. Clotilda alisimama katikati ya sauti ile na kalamu zake mbili. Saa tisa na dakika kumi na nane Humoud alivuta pembe kwa kucha. Ule muhuri mwekundu wa IMEKATALIWA, ambao hakuupangia mahali, ulikuwa umezunguka wenyewe ukakaa ubavuni mwa kifaru, herufi tatu za mwanzo zikionekana, nyingine zimemezwa ndani. Alimsimamisha juu ya bati. Kifaru aliyumba, akasimama.

"Mia tatu na kumi na moja," alisema Shaibu. "Na nyoka, mia tatu na kumi na mbili. Imetimia!"

Kelele zilizopigwa pale zilifika mtaa wa pili. Humoud, katika furaha, alinyoosha mkono nguzoni alibandue lile tangazo la Ofisi alikunje nalo, vidole vimeshapata moto. Thuraya alimkamata mkono.

"Ukizaa leo unaharibu hesabu."

Daktari Angelina alikagua. Alimgusa kifaru mgongoni, akamwinamia sikioni, akamwangalia mamba mdomo. Alifanya kazi yake yote, bila kucheka. Kisha akaandika, na alichoandika alikisoma ili kisije kikafutwa na mtu.

"'Wanyama mia tatu na kumi na mbili wamekaguliwa. Afya yao haiwezi kuthibitishwa kwa vipimo vilivyopo. Wanawekwa karantini papo hapo walipo, fremu namba 19, pamoja na mwenye kuwahudumia, mpaka vipimo vitakapopatikana.'"

"Vitapatikana lini?" aliuliza Clotilda.

"Hivyo vipimo havijatengenezwa," alisema Angelina, akafunga boksi lake la chanjo.

Askari walishika nyororo, wakatazamana. Hawakuwa na ubaya. Waliambiwa wafunge mlango, na mlango haufungiki. Mmoja aliuliza, "Basi tuhamie namba ishirini?"

Elisaria alikuwa ameshika mwiko mkononi bado. Uso wake uliodumu na kicheko mchana kutwa ulimporomoka. Alitazama mlango wake, masufuria yake, bahasha yake ya nailoni yenye barua safi iliyogongwa wekundu.

"Shaibu," alisema. "Huo mfumo wako unapokea marekebisho mpaka saa ngapi?"

Shaibu alitazama saa. Alimtazama Clotilda, akamtazama Mangi. Alikuwa kijana anayeogopa kazi yake, lakini mama yake naye aliwahi kuwa na fremu mahali. "Dakika tano," alisema. "Hata mmoja akiwepo, unakubali."

Elisaria aliichana bahasha kwa meno. Barua iliyokaa miaka yote hiyo bila kuguswa na jasho aliibamiza kwenye bati kama unga. "Ami, mbuzi ni mikunjo mingapi?"

"Mbuzi ni kazi ya mwezi. Anza na kuku. Kunja huku. Siyo huko, huku! Mangi, unakunja karatasi au unamenya ndizi?"

"Mikono yangu ni ya masufuria, bwana!"

"Bana hapa. Sasa geuza. Sasa puliza."

Alipuliza. Kilichotokea kilikuwa na mkia mahali pa kichwa na kiliegemea upande mmoja kama mlevi. Nyuma yake, katika korido nzima, watu walikuwa wanatoka na barua zao, wanavuta mabati ya kukalia, wanagombania nafasi ya karibu na Humoud ili waone vidole. Shaibu alichuchumaa mbele ya kile kitu cha Elisaria, akakitazama kwa makini ya mtu aliyeamua.

"Jike au dume?"

"Jike," alisema Mangi, akakisimamisha kwa dole gumba. "Na anataga. Andika hapo, anataga."